Nataka kununua mashua ya tanga iliyotumika kwa ajili ya wikiendi. Hii ya milioni 4 na nusu mbona rahisi hivi?

#1 Bwana Wikiendi
Wakuu, salaam. Mimi mkazi wa Dar, kazi yangu ya kukaa kwenye kiti Jumatatu hadi Ijumaa, umri umegota 41. Nimechoka kupanda boti za watu kwenda kisiwa cha Mbudya halafu narudishwa saa kumi na moja kama mtoto wa shule. Nataka chombo changu mwenyewe, cha tanga, kilichotumika. Niende na mke na watoto wawili Mbudya, Bongoyo, Sinda, na siku nikishapevuka nikalale Bagamoyo.

Nimeoneshwa mashua moja huku kaskazini ya jiji, kijiji sitaji. Futi 22, ya mbao, mkuku (uti wa mgongo wa chombo, ule mti wa chini kabisa) wa mvule kwa maneno ya muuzaji. Mlingoti upo, foromali (mti unaobeba tanga) ipo, tanga la turubai lina viraka vitatu, nanga moja, mashine haina. Bei milioni 4.5 na nikikaza naona atashuka. Ipo nchi kavu tangu kusi lilipoanza. Nilipouliza kama inavuja akanijibu, "Kidogo tu, mbao zimekauka. Ikikaa majini siku mbili inajifunga yenyewe."

Je, hayo ni maneno ya kweli au nauziwa mbuzi kwenye gunia? Na mbona rahisi? Mashine ya HP 15 mpya, kwa nilivyoambiwa, peke yake inaipita hiyo bei.

#2 Kiti cha Mbele
Nakaa hapa.

#3 Fundi Msumari
Mkuu, muuzaji hajakudanganya, ila amekwambia nusu. Mbao ikikaa juani miezi sita inasinyaa, mianya kati ya mbao na mbao inafunguka, pamba ya kalafati, ile inayoziba mianya, inalegea. Ukiishusha, siku ya kwanza inaingiza maji kama tenga. Mbao ikinywa maji inavimba, mianya inabanana, maji yanapungua. Hilo kila fundi wa pwani analijua.

Sasa nusu ya pili. Kuna kuvuja kwa mbao kukauka na kuna kuvuja kwa misumari kuoza. Vinafanana kwa macho ya mgeni. Angalia kwa nje chini ya vichwa vya misumari: ukiona michirizi ya kutu imeshuka kama machozi, ujue msumari ndani umebaki uzi. Hapo mbao ivimbe isivimbe, haijashikwa na kitu. Halafu ingia ndani ushike mataruma (mbavu za chombo) moja moja, uyatikise. Taruma linalocheza ni jino linalotaka kung'oka.

#4 Nahodha Mstaafu
Mashua nzima haiuzwi milioni 4.5. Mashua nzima haiuzwi kabisa, inarithiwa. Nasimama hapo.

#5 Mchekeshaji wa Feri
Hiyo ina jini, bosi. Ukifika katikati ya Mbudya linakuuliza "nauli yangu iko wapi."

#6 Binti Kilindoni
#4 umegusa penyewe, lakini kwa upande mwingine. Baba yetu alipofariki Mafia aliacha dau na mashua. Kaka mkubwa akauza mashua bei ya kutupa, haraka haraka, kabla hatujakaa kikao cha mirathi. Aliyenunua alikuja kusumbuka zaidi yetu, maana tulikuwa wadai sita na yeye ana karatasi moja ya daftari yenye sahihi ya mtu mmoja. Kaka Wikiendi, usiulize kwanza kama inavuja. Uliza ni ya nani, na huyo nani yuko hai?

#7 Bwana Wikiendi
Dada Binti, umenishtua. Muuzaji aliniambia "ni chombo cha nyumbani." Nilidhani ni namna ya kusema tu.

#8 Mkaa Mtwapa
Majirani, salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Mimi sielewi kwa nini mtu wa wikiendi ajifunge na mbao. Mbao ni kama ng'ombe wa maziwa, lazima uwepo kila siku. Hapa Mtwapa na kule Kilifi kuna boti za tanga za faiba, zimeachwa na wageni waliotaka kuzunguka dunia wakachoka njiani. Mimi nina Wayfarer, futi 16 kasoro kidogo. Aliichora Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Ina ubao wa katikati unaopandisha ukifika maji madogo, naivuta kwa kigari nyuma ya gari yangu, Jumapili jioni inalala uani kwangu. Sijui kalafati ni nini.

Ila ukinunua faiba iliyotumika, lala chali chini yake. Ukiona malengelenge kwenye ngozi ya chini, maji yameshaingia ndani ya faiba. Waya zinazoshikilia mlingoti zikague pale zinapoingia kwenye vyuma, ndipo zinapokatikia. Na kama ina bendera ya nje, uliza karatasi za ushuru. Boti iliyoingia kama ya mpita njia haijalipiwa, ukiinunua deni la forodha unalirithi wewe.

#9 Fundi Msumari
Mtwapa, tanga lako likichanika nani anakushonea? La huyu jamaa fundi cherehani yeyote wa maturubai analiweza kwa soda mbili.

#10 Mkaa Mtwapa
Ndiyo maana lina viraka vitatu.

#11 Mpiga Kafi
Samahani, hivi mtoa mada unajua kuendesha tanga?

#12 Bwana Wikiendi
Nimeshika usukani mara mbili. Mara ya pili nahodha alikuwa amelala.

#13 Mchekeshaji wa Feri
Alikuwa amezimia.

#14 Mpiga Kafi
Basi nakushauri anza na ngalawa. Gogo la mwembe, marengu mawili (miti ya kukingama), ndubi (kielea) kila upande, hailali kirahisi, na ukiipandisha kichangani vijana wanne wanaibeba. Mashua ya futi 22 yenye tanga la kiarabu si mchezo wa mtu mmoja. Kila unapogeuza upande lazima foromali ipitishwe mbele ya mlingoti, na huku demani imeachiwa inapiga hewani kama mjeledi. Ukiwa peke yako na watoto wanalia, hapo ndipo watu wanapovunjwa meno.

#15 Mgeni wa Bara
Demani si msimu? Sisi tulifundishwa shuleni kusi, demani, kaskazi, masika.

#16 Mzee wa Bamvua
Kijana wa Bara, yote ni sawa. Demani ni msimu ule kusi linapolegea kuelekea kaskazi, na demani ni kamba inayovuta tanga kwa nyuma. Tena upande chombo kinakolalia, usikotoka upepo, unaitwa demanini. Upande unakotoka upepo ni joshini.

#17 Mla Mkate wa Mofa
Goshini, mzee wangu. Huku kwetu Lamu ni goshi.

#18 Mzee wa Bamvua
Goshi, joshi, upepo hauulizi. Ukikaa demanini wakati wa dhoruba utalowa kwa lugha zote mbili.

Turudi kwa mwenye shida. Watu wamezungumza mbao, hakuna aliyezungumza maji, na yeye ni mtu wa Jumamosi na Jumapili. Pwani ya Dar tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua inapita mita 3. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu inageuka, saa nne ndiyo kujaa, japo hayajai sana wala hayapwi sana. Maana yake nini? Wikiendi ya bamvua, ukichelewa chai ya asubuhi, mashua yako iko juu ya tope imelala ubavu na wewe unaitazama mpaka adhuhuri. Ukitaka kutoka, toka na adhana ya alfajiri. Wikiendi ya maji mafu unaweza kuondoka saa nne kama mtu wa mjini. Kalenda ya mwezi ndiyo itakayokupangia safari, si ya ofisi.

#19 Shemeji wa Sinda
Mzee #18 angeniambia haya miaka minne iliyopita ningekuwa na heshima yangu. Nilichukua wakwe zangu na ngalawa ya kukodi, tukalala kisiwani, asubuhi nikasema tunywe chai taratibu. Saa nne kasoro tuko mbele ya ufukwe, karibu kabisa, nawaona watu wanachoma mihogo, na ngalawa ikasimama. Tumepwelewa. Nikashuka kusukuma, maji yananifika magotini, baadaye vifundoni. Mama mkwe akatazama kulia, akatazama kushoto, akafunga khanga juu kidogo, akashuka. Alitembea kwenye majani ya bahari hatua mia na kitu, kindoo cha vitumbua kichwani, hakusema neno. Mpaka leo nikimpigia simu anaanza na "maji yanasemaje huko?"

#20 Kiti cha Mbele
Nacheka peke yangu kwenye daladala.

#21 Mwanafunzi wa Viumbe
Nirudi kwa #3. Umetaja mbao kukauka na misumari, umeacha funza wa mbao. Mashua ikikaa majini bila kupakwa kitu, wanatoboa.

#22 Fundi Msumari
Sikuacha, nilikuwa nakuja. Ndiyo maana wazee huchoma chombo kwa makuti makavu, moto unapita chini kwa haraka, halafu inapakwa deheni (mafuta na chokaa). Sasa hivi vijana wanapaka rangi tu ya duka.

#23 Mwanafunzi wa Viumbe
Na nijisahihishe mwenyewe kabla sijasahihishwa: si funza. Ni jamii ya kombe, ana gamba dogo kichwani analotumia kama keekee. Anaingia akiwa mdogo kama kichwa cha sindano, kwa hiyo nje utaona kitundu usichokijali, ndani amechimba barabara nzima na kuipaka chokaa nyeupe. Habari njema ni kwamba anahitaji maji ya chumvi. Mashua iliyokaa nchi kavu tangu Mei, waliokuwemo wameshakufa. Habari mbaya, mashimo yao hayafi.

#24 Nahodha Mstaafu
Chukua nyundo ya mbao, gonga kila ubao kuanzia mkuku kwenda juu. Ubao mzima unajibu *ko, ko*. Ukisikia *bu*, simama hapo, choma na msumari. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemka, rudi nyumbani na pesa zako.

#25 Mjuaji wa Kunduchi
Au mimina maji NDANI ya mashua ikiwa bado nchi kavu. Panapovuja kuja ndani ndipo patakapotoka kwenda nje. Utaona matone yote, unaweka alama ya chaki. Dakika kumi unajua siri zote.

#26 Fundi Msumari
#25 hilo ni sawa ukimimina mpaka kwenye ngama tu (pale chini kabisa ndani), kina cha kiganja. Kuna mtu alijaza hadi nusu, mashua imesimama kwenye magogo mawili. Maji ni mzigo. Mbao za chini zikafunguka, na aliyekuwa anauza akamdai.

#27 Mtu wa Makaratasi
Naona hakuna aliyegusa usajili. Hakikisha muuzaji ana cheti cha SUMATRA na ukaguzi.

#28 Mtu wa Msasani
SUMATRA ilishagawanywa zamani mkuu. Ya nchi kavu ilikwenda LATRA, ya majini ni TASAC kwa sheria ya 2017. Ndio wanaosajili na kukagua vyombo vidogo. Kama chombo kilikuwa cha uvuvi kitakuwa na namba na leseni ya uvuvi kutoka halmashauri, na hiyo ni leseni ya kuvulia, siyo ya kubebea familia. Akivuka kwenda Unguja kuna mamlaka yao huko, ZMA. Na Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu tangu 1975, kuna ada ya kuingia, chukua stakabadhi, na nanga usiitupe juu ya matumbawe.

#29 Mtu wa Makaratasi
Asante kwa masahihisho. Umri.

#30 Mswahili wa Southampton
Huku Uingereza boti ya faiba ya futi 22 ya miaka ya 1970 unaweza kuipata kwa bei ya pikipiki iliyotumika. Watu wanazigawa, kwa sababu kinachoua si boti, ni kodi ya mahali pa kuifunga. Mwaka wa pili ulishalipia boti nyingine. Naandika hivi kwa sababu sijaona mtu aliyemuuliza Bwana Wikiendi: itakaa wapi, na nani atailinda Jumatatu mpaka Ijumaa? Kijana wa kufua maji (kuyachota yaliyoingia na kuyamwaga nje) analipwa kwa mwezi, mvua ije isije.

#31 Mchekeshaji wa Feri
Kijana wa kufua maji Jumanne atakuwa anavulia nayo.

#32 Mpiga Kafi
Hilo si la kucheka. Ngalawa yangu ya kwanza niliikuta na magamba ya samaki kila Ijumaa. Nikamuuliza kijana, akasema samaki waliruka wenyewe.

#33 Mla Mkate wa Mofa
Kama hutaki funza (kombe!), hutaki kutu, hutaki kalafati, jenga ya plastiki. Huku kwetu mafundi walijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakaivalisha kandambili, ikashushwa 2018, na 2019 ikaenda na tanga lake mpaka Unguja.

#34 Fundi Msumari
Niliiona picha. Umbo ni la fundi wa kweli, mbao ndiyo ya ajabu. Ila jamaa hana pesa ya kujenga, anatafuta ya kununua.

#35 Mkaazi wa Muscat
Assalaam alaykum. Huku Sur bado wapo wanaotengeneza majahazi, na wazee wao wana neno moja na wazee wetu: funga kamba kutoka hanamu (mti wa mbele) hadi fashini (mti wa nyuma), ivute ikaze, halafu utazame mkuku. Mkuku ukiwa umepinda katikati kwenda juu kama mgongo wa paka, chombo kimechoka. Kimekaa kwenye gogo la katikati bila kushikwa miisho yote miwili. Hakuna kalafati inayotibu mgongo. Huenda ndiyo sababu ya bei.

#36 Nahodha Mstaafu
Huo ndio uzi wa maana kuliko uzi huu.

#37 Bwana Wikiendi
MREJESHO. Wakuu nimekwenda Jumatano na fundi niliyempata kwa msaada wa mtu wa humu (asante, unajijua).

Tumevuta kamba. Mkuku umenyooka, labda upana wa kidole kimoja katikati, fundi kasema hiyo ni umri si ugonjwa. Tumegonga nyundo. Joshini yote *ko, ko* (goshini kwa watu wa Lamu). Upande wa pili, ubao wa kwanza juu ya mkuku, karibu na fashini, ilitoka sauti ambayo mimi nilisikia *bu* na fundi kasikia *ko* iliyoloa. Tukachoma, msumari ukaingia nusu ya ukucha ukagoma. Kutu ya machozi nimeihesabu sehemu saba. Ndani kunanuka sifa (mafuta ya papa) mpaka nguo zangu mke kaziweka nje.

Kuhusu mwenye mali: ni ya baba yake, yuko hai, nimekutana naye. Mzee ana miaka themanini na ushee, kakaa kwenye kigoda, kaniuliza swali moja tu: "Unaipeleka wapi?" Nikamwambia Mbudya na familia. Akanyamaza, kisha akasema, "Ilishafika Pemba."

Kisha tukakubaliana waishushe majini, iachwe, wafue maji kila alfajiri na wahesabu makopo, kopo la rangi la lita 4. Matokeo, kuanzia magharibi hadi alfajiri: usiku wa Jumatano makopo 61. Alhamisi 27. Ijumaa 19. Jumamosi 19.

Muuzaji anasema unaona, imefunga. Mimi naona 19 na 19. Mnasemaje?

#38 Fundi Msumari
Kutoka 61 hadi 19 ni mbao kuvimba, hiyo haina ubishi. Hizo 19 zilizobaki ndizo misumari yako saba. Vuta hiyo saba, weka mipya mikubwa kidogo iliyopakwa zinki, rudishia kalafati upande ule. Kazi ya siku tatu. Nunua, ila ishuke hadi milioni 3.8.

#39 Mwanafunzi wa Viumbe
Ikibaki namba ileile siku mbili mfululizo, mimi nasema ni tundu, si mwanya. Mwanya unaendelea kujifunga, tundu halivimbi. Ule ubao wa *bu*.

#40 Mkaazi wa Muscat
Au ni pale fashini inapoungana na mkuku. Pakilegea hapo usukani ukigeuzwa panapumua. Ikitulia kwenye nanga inavuja makopo 19, ikitembea na kana (mkono wa usukani) inavutwa ni 40. Hamjaipima ikitembea.

#41 Mzee wa Bamvua
Nyote mnahesabu makopo, hakuna anayehesabu maji ya bahari. Mwezi umeandama Ijumaa. Jumatano bahari ilikuwa bado inatoka kwenye maji mafu, mashua imeelea karibu usiku kucha. Kufikia Jumamosi ni bamvua, maji yamekupwa saa nne usiku na ushee, na kama imefungwa pale ninapopadhania, imelala kwenye mchanga kuanzia kama saa mbili usiku mpaka baada ya saa sita. Saa nne nzima haijaingiza hata tone. Tena ikilala nchi kavu, maji yaliyomo ndani yanatoka nje kwa tundu lilelile yaliloingilia.

Kwa hiyo 19 ya Jumamosi si 19. Inaweza kuwa 30. Na 27 ya Alhamisi nayo siyo 27. Huenda haijafunga hata kidogo, imekaa tu muda mfupi majini.

#42 Kiti cha Mbele
Uuuwi.

#43 Fundi Msumari
Shikamoo mzee. Sikuliona hilo. Ila hata hivyo 61 hadi 27 kwa usiku mmoja ni nyingi mno kuwa bahari peke yake. Saa za kupwa zinasogea chini ya saa moja kwa siku. Mbao imevimba, nabaki pale pale.

#44 Mzee wa Bamvua
Marahaba. Imevimba, sikatai. Nauliza imevimba kiasi gani, na jibu makopo hayana.

#45 Mkaa Mtwapa
Wayfarer yangu uani, makopo sifuri.

#46 Mpiga Kafi
Kwa sababu Jumapili nzima ulikuwa unatafuta mafuta ya gari la kuivutia.

#47 Binti Kilindoni
Mimi bado nimebaki na yule mzee wa kigoda. Kama yuko hai na ndiye mwenye chombo, sahihi ni yake, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, si ya mtoto. Na nimeisoma tena ile "unaipeleka wapi." Mzee anayetaka kuuza anauliza "una kiasi gani." Huyo hajaridhia, kaka. Bei rahisi ni ya mtoto mwenye haraka.

#48 Nahodha Mstaafu
Au mzee ndiye aliyetaja bei ndogo, ili iende kwa mtu wa kuitembeza badala ya mtu wa kuipasua kuni. Nimeshaona. Mimi ya kwangu niliitoa bure.

#49 Mchekeshaji wa Feri
Kumbe haziuzwi, zinarithiwa, na zinatolewa bure. Nahodha, una nyingine?

#50 Mtu wa Msasani
Nje ya mada kidogo: mtoa mada, hata ukinunua, usianze na safari ya Bagamoyo. Wakati wa kusi utakwenda kama umepakwa mafuta, maana upepo na mkondo vyote vinakwenda kaskazini. Kurudi utapiga bisho (kupinda huku na huku dhidi ya upepo) mpaka Jumanne na bosi wako anakutafuta. Kaskazi ikishakaa vizuri ndiyo upepo wa kurudia Dar, ila mkondo bado unakwenda kaskazini na vikikutana bahari inasimama wima. Sikiliza TMA, watu wa hali ya hewa, wakisema upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, kaa ufukweni ule mihogo. Majaketi ya kuokolea manne, ya watoto yawe saizi ya watoto.

#51 Bwana Wikiendi
Nimeyapokea yote. Nimempigia muuzaji kuuliza mashua imefungwa wapi. Mzee wa Bamvua uko sahihi, inalala kwenye mchanga. Nikamuuliza pia nani alikuwa anahesabu makopo. Kasema vijana.

#52 Fundi Msumari
Vijana gani?

#53 Bwana Wikiendi
Watoto wake. Mkubwa yuko darasa la nne.

#54 Mzee wa Bamvua
Subhanallah.

#55 Mwanafunzi wa Viumbe
Kwa hiyo hata 61 hatuijui.

#56 Fundi Msumari
61 mtoto hawezi kuibuni. Mtoto angesema mia.

#57 Shemeji wa Sinda
Na hiyo 19 mara mbili, mimi kama baba nakwambia, siku ya pili hawakuamka.

#58 Bwana Wikiendi
Nimeongea na mzee mwenyewe kwa simu ya mwanawe. Amekubali Jumamosi ijayo isogezwe maji marefu, mahali pasipokupwa, itiwe nanga, nami nilale ndani usiku kucha. Kopo naja nalo kutoka nyumbani, nimeshalipima, ni lita 4 kamili. Mke kasema yeye na watoto watasubiri ufukweni.

#59 Mzee wa Bamvua
Jumamosi ijayo maji mafu. Utaelea usiku mzima. Hesabu kila saa na uandike.

#60 Mchekeshaji wa Feri
Andika kwa penseli, wino unayeyuka.